Kisima kilijaa 2020, kikakauka 2022: historia ya maji ya Makutupora na sisi tunaoishi pembeni ya jiji la Dodoma

 

Wiki hii siandiki juu ya viwavi wala bei ya mbolea. Nina deni la kulipa. Mwaka 2020 nilitoa ushauri kwa kikundi cha wakulima wa mboga, ushauri ule ukawaingiza hasara, na baadhi yenu mmeniuliza mara kadhaa ilikuwaje. Kueleza ilikuwaje inabidi nirudi nyuma sana, kabla ya mimi kuzaliwa, maana kosa langu lilikuwa la historia zaidi kuliko la kilimo.

Kikundi kina watu 14, wengi akina mama, katika kata moja kaskazini mwa Dodoma mjini. Msimu wa 2019/20 mvua zilikuwa kubwa mno. Korongo lao lilitiririka wiki kadhaa mfululizo, jambo ambalo vijana wa pale walikuwa hawajaliona. Mwezi Juni nilifika na kamba yangu, nikapima visima vya majirani, maji yakawa mita 7 kutoka juu. Nikafurahi. Nikawasaidia kuandika andiko la mkopo wa halmashauri: kisima cha mita 22, pampu ya sola, tenki la lita 5,000 na nusu eka ya umwagiliaji wa matone. Misimu miwili ya kwanza mchicha, chainizi na nyanya zilitoka vizuri, wachuuzi wakawa wanafuata shambani kwa bodaboda alfajiri.

Oktoba 2022 pampu ikaanza kuvuta hewa. Maji yalikuwa mita 19. Kufika Novemba kisima kilikuwa kinatoa madumu machache asubuhi, halafu basi. Marejesho ya mkopo yalikuwa yamebaki miezi 9. Mwenyekiti wa kikundi aliniambia neno moja tu: "Bwana shamba, wewe ndiye uliyetuambia maji yapo."

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha mkungugu akaongeza, bila ubaya: "Mwanangu, ulikuja kupima wakati mgeni yupo nyumbani. Sasa mgeni kaondoka."

Neno hilo la mgeni ndilo lililonifanya nianze kuuliza na kusoma. Ninayoandika hapa ni niliyoyapata.

Nchi ya kununua maji

Jina lenyewe la Dodoma ni habari ya maji. Wagogo husema Idodomya, yaani mahali palipozama. Simulizi inayojulikana zaidi ni ya tembo aliyekuja kunywa kijitoni akazama kwenye tope asitoke. Iko nyingine ya Wagogo walioiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala, wakachomeka mikia topeni na kuwaambia wenyewe kwamba ng'ombe wao wamezama. Uchague uipendayo. Zote mbili zinasema kwamba hapa maji ni ya kwenye tope na mchanga, si mto unaopita mwaka mzima.

Karne ya 19, misafara ya biashara kati ya pwani na Tabora ilipita Ugogo, na kabla ya kuingia ililazimika kuvuka pori la Marenga Mkali, upande wa Mpwapwa. Maana ya jina hilo ni maji machungu. Wapagazi walitembea mchana hadi usiku, mwendo ambao misafara iliuita tirikeza, kwa sababu njiani hapakuwa na pa kunywa. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley akapita 1871, na wote waliandika kwa malalamiko juu ya hongo waliyotozwa na watemi wa Kigogo. Vitabu vya wageni huiita hongo hiyo uchoyo. Mimi nikiisoma leo naona jambo jingine. Msafara wa mamia ya watu ukiingia kijiji chenye mashimo machache ya maji mwezi wa tisa, unakunywa maji ya watu ambao watabaki hapo hadi Desemba. Mtemi alikuwa anatoza ada ya maji kabla hatujawa na ofisi ya bonde.

Maji hayo yalitoka wapi? Kwenye makorongo. Watu walichimba mchangani, wakafukua kadiri maji yalivyoshuka, na kiangazi kikizidi mifugo ilihamishwa. Walijua miaka si sawa. Njaa kuu ambayo wazee wa Ugogo waliipa jina la Mtunya, ya 1917 hadi 1920, iliwaua watu wengi sana. Ukame ulikutana na vita: majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume. Watu wakaingia kwenye mwaka mbaya bila akiba yoyote.

Mji uliowekwa na reli

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Mji ukakua pale kwa sababu ya stesheni, siyo kwa sababu ya maji. Ukitazama ramani utaona: tuko kwenye uwanda wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, juu ya mwamba mgumu wa granaiti, hakuna ziwa, hakuna mto wa kudumu. Mvua ya wastani ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, yote kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na jua letu lina nguvu ya kukausha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwenye maji yaliyo wazi. Bwawa la Dodoma linapambana na jua kila siku. Wanaoishi karibu na bwawa la Hombolo wanajua mwisho wa pambano hilo, maana maji yakipungua, chumvi inabaki.

Kwa hiyo mji ulipoanza kuhitaji maji ya uhakika, macho yakageukia chini. Kaskazini, njia ya Kondoa, kuna bonde la Makutupora ambamo mto Kinyasungwe Ndogo unapita ukishuka kuelekea Hombolo. Mto huu ni korongo kama mengine: sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Lakini chini yake granaiti imechakaa na kupasuka, na nyufa zile zimeshika maji. Katika miaka ya 1950 visima vya Makutupora vilikuwa tayari vinafanyiwa kazi, na tangu hapo ndivyo vimekuwa tegemeo kubwa la mji. Wengi mnapajua Makutupora kwa zabibu na kituo cha utafiti wa mizabibu. Zabibu na bomba la mjini vinakunywa bonde moja.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo hata mimi niliyesomea hapa nchini sikuwahi kufundishwa. Tangu mwaka 1955 kulikuwa na watu pale Makutupora waliopima kina cha maji kwenye visima na kuandika. Walikuwa watumishi wa kawaida, kama sisi tunaojaza fomu za robo mwaka na kunung'unika. Serikali ya mkoloni ikaondoka, wizara ikabadilishwa jina mara kadhaa, na vipimo vikaendelea kuandikwa. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Richard Taylor wa University College London, pamoja na Watanzania kutoka sekta ya maji, walichapisha kumbukumbu hizo zikiwa zimeunganishwa: miaka 55, kuanzia 1955 hadi 2010. Kumbukumbu ndefu kiasi hicho za maji ya chini ni adimu sana katika nchi kame za tropiki. Tunayo sisi, na ipo mlangoni petu.

Kumbukumbu zinasemaje

Mimi nilidhani, na bila shaka wengi mnadhani, kwamba maji ya chini hupanda kidogo kila masika na kushuka kidogo kila kiangazi, kama akaunti ya mshahara. Makutupora haiko hivyo. Mstari wa maji unashuka. Unashuka mwaka, unashuka mwaka wa pili, wa tatu, na zaidi, hata kama mvua imenyesha na mtama umevunwa vizuri. Halafu inakuja masika moja ya ajabu, na maji yanaruka juu. Kisha safari ya kushuka inaanza tena. Mvua za El Niño za 1997/98 ambazo wengi tunazikumbuka kwa barabara zilizokatika zilikuwa mojawapo ya miruko hiyo. Za 2009/10 pia, zile ambazo huko chini Kilosa zilileta mafuriko yaliyobomoa reli.

Maana yake ni kwamba misimu michache mikubwa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maji yote yanayoingia chini. Mvua ikizidi kidogo wastani, maji ya chini hayaongezeki kidogo. Mara nyingi hayaongezeki kabisa. Mvua ikizidi sana, yanaongezeka kupita kiasi cha mvua yenyewe.

Sababu yake mkulima ataielewa haraka kuliko mtu wa mjini. Mvua ya kawaida inalowesha udongo wa juu. Udongo wenyewe una kiu ya miezi 7, na mimea yako inavuta, na jua linavuta. Kabla tone halijafika chini, limeshaliwa. Ni pale mvua inaponyesha juu ya mvua, udongo ukashiba, ndipo maji yanatafuta korongo. Na utafiti uliofuata pale pale Makutupora, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba mlango mkubwa wa maji kuingia chini ni huo mchanga wa makorongo. Kinyasungwe Ndogo ukitiririka muda mrefu, unavuja kwenda chini kupitia kitanda chake cha mchanga. Shambani kwako hupenya kidogo sana.

Sasa rudini kwenye kamba yangu ya Juni 2020. Nilipima maji wiki chache baada ya mgeni kuingia, nikaandika andiko la mkopo kana kwamba mgeni amehamia. Mita 7 haikuwa kina cha kisima kile. Ilikuwa kina cha mwaka ule. Ningewauliza wazee maji yalifika wapi mwaka mbaya kuliko yote wanaoukumbuka, wangeniambia, maana yule mzee alijua. Hakuna aliyemuuliza, na fomu ya mkopo haina kisanduku cha kuuliza hivyo.

Na hesabu yenyewe nilikuwa naijua. Mboga zetu wakati wa jua kali zinahitaji kama milimita 5 kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000, kwa hiyo ni lita 10,000 kila siku, sawa na madumu 500 ya lita 20. Familia ya watu 6 wanaotumia lita 25 kila mmoja hutumia lita 150. Bustani ile ndogo ilikuwa inakunywa maji ya zaidi ya familia 60, kutoka kwenye kisima kimoja, kwa miaka miwili ambayo hakuna kilichoingia.

Makao makuu

Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa, na mwaka 1976 mpango mkuu wa mji ukatoka, umechorwa na kampuni ya Canada. Mwaka huo huo wa 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza kupambana na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika la Kondoa. Wazee wa huko wana maneno yao juu ya zoezi hilo, na si yote ya kusifu. Ninachotaka kusema ni kwamba wakubwa wa wakati ule walielewa kuwa mji utategemea hali ya ardhi iliyouzunguka.

Lakini kuhama kwenyewe kulikwenda polepole kwa miaka 40, na taratibu hiyo ililinda maji bila mtu kukusudia. Kisha Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na safari hii ikahama kweli. CDA ikavunjwa 2017. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa; sensa ya 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji. Karibu mara mbili ndani ya miaka 10, na mwamba ni ule ule.

DUWASA, mamlaka ya maji ya mjini, imelazimika kutafuta kila upande. Makutupora inavutwa zaidi, visima vipya vimechimbwa sehemu nyingine vikiwamo vya Nzuguni, na kuna mipango mikubwa ya bwawa la Farkwa wilayani Chemba na ya kuleta maji kutoka Ziwa Victoria. Hayo yatakuja kwa wakati wake. Wakati tunayasubiri, mitaa mipya ina mgao, na mwenye uwezo anachimba kisima uani kwake. Mtambo wa kuchimba unasimama kwenye kiwanja hiki Jumatatu, Alhamisi uko kwenye kiwanja cha jirani.

Dar es Salaam walipitia njia hii kabla yetu. Ukame wa 1997 ulipopunguza maji ya mto Ruvu, visima vikachimbwa kwa wingi, vya serikali na vya watu binafsi. Viliokoa watu wengi kwa kweli. Baadaye baadhi ya visima vya karibu na bahari vikaanza kuwa na chumvi, maana maji matamu yakivutwa sana ya bahari husogea kujaza nafasi. Sisi hatuna bahari, lakini tuna maeneo yenye maji ya chumvi chini, na tuna vyoo. Mwaka 1996 Hudson Nkotagu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha utafiti kuhusu naitreti nyingi kwenye maji ya chini ya Dodoma, na akaonyesha kwamba maji taka ni chanzo chake kimojawapo. Naitreti haina harufu, haina rangi, na kuchemsha hakuiondoi. Ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa kwa maji hayo. Hiyo ilikuwa 1996, mji ukiwa mdogo. Ukichimba kisima cha kunywa, peleka sampuli maabara ya maji kabla ya kukialika kijiji. Na kumbuka, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, maji ya chini ni mali ya umma: kisima kirefu cha kumwagilia au cha biashara kinahitaji kibali cha ofisi ya bonde, na anayechimba awe na leseni. Watu huona kibali ni usumbufu. Kwangu faida yake ni kwamba kuna mtu anahesabu mirija iko mingapi kwenye mtungi mmoja.

Mchanga

Nimefika kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko pampu, na najua baadhi ya wasomaji wangu mnaishi kwa biashara hii, kwa hiyo naomba mnisome kwa utulivu.

Jiji linajengwa, na jiji linajengwa kwa mchanga. Mchanga mzuri, msafi, usio na udongo, upo kwenye makorongo yetu. Tipa linaingia usiku, vijana watano wanapakia kwa koleo, asubuhi kila mmoja ana hela ya unga. Siwezi kumwambia kijana asiye na kazi aache, mimi nikiwa na mshahara. Lakini tukumbuke kumbukumbu za Makutupora. Mlango wa maji ni mchanga. Ukiuchota hadi ubaki udongo mzito au mwamba, siku mgeni akija atapita mbio kwenda Hombolo na Wami, hataingia ndani. Tutakuwa tumeuza mlango, na hasara hatutaiona mwaka huo. Tutaiona miaka mitatu baadaye kisima kikivuta hewa, na tutasema ni mabadiliko ya tabianchi.

Kuhusu tabianchi yenyewe, watafiti wale wa 2013 walikuwa na habari ambayo mimi niliichukulia kama faraja. Mifano ya hali ya hewa ya karne hii inaonyesha mvua kubwa zikiongezeka kuliko wastani unavyobadilika. Kama maji yetu ya chini yanategemea mvua kubwa, huenda yakawa tegemeo zuri kuliko mabwawa. Wao wenyewe waliweka tahadhari, kwamba El Niño ya kesho haitabiriki vizuri. Mimi naongeza yangu: mvua kubwa juu ya korongo lililokwanguliwa ni mafuriko tu.

Sasa kikundi changu. Kiangazi cha 2022 walipunguza bustani kutoka nusu eka hadi matuta yanayotosha maji yaliyopo, wakatandaza majani makavu juu ya udongo, wakaacha chainizi na kubaki na mchicha na figiri za kukatwa haraka. Wawili waliuza mbuzi kukamilisha marejesho. Nilikuwepo siku mbuzi wa mmoja wao walipopakiwa kwenye toroli kwenda mnadani. Sikupata la kusema, nikashika lango.

Halafu mvua za El Niño za 2023/24 zikaja. Korongo likatiririka tena. Machi 2024 maji yalisimama mita 8, na simu ikalia: "Bwana shamba, yamerudi! Tupanue iwe eka nzima?"

Safari hii nilifika na daftari badala ya andiko la mkopo. Tulikaa chini ya ule mkungugu na yule mzee, tukachora mstari wa miaka anayoikumbuka: mwaka huu korongo lilishuka, hawa wanne halikushuka, mwaka huu lilishuka. Hakukuwa na miaka miwili mikubwa iliyofuatana katika yote aliyoitaja. Tukakubaliana kupanga bustani kwa kisima cha mwaka wa nne, siyo cha mwaka wa kwanza. Robo eka ndiyo ya kudumu. Robo ya pili inalimwa tu kama kipimo cha mwezi wa sita kiko juu ya mita 12. Walibishana sana juu ya hiyo 12. Mama mmoja alitaka 10, na huenda ndiye alikuwa sahihi.

Kupima ni kazi ya binti wa mwenyekiti, aliyemaliza kidato cha nne. Kila tarehe 1, saa 12 asubuhi kabla pampu haijawashwa, anashusha kamba yenye mafundo ya kila mita na kipande cha bomba mwishoni. Bomba likigusa maji linatoa mlio. Anapima sehemu iliyobaki kwa rula, anaandika tarehe, kina, na kama korongo lilitiririka mwezi huo. Kazi ya dakika tano. Kaunta buku ile ilinunuliwa shilingi elfu chache. Walioanzisha yale ya Makutupora mwaka 1955 sidhani kama walikuwa na vifaa vya ajabu zaidi.

Nyumba tatu za wanachama zimefunga mifereji ya bati. Bati la mita za mraba 60, kwa mvua ya milimita 550, hupokea lita 33,000 kwa msimu. Ukitoa inayopotea, hesabu 26,000. Kama matenki yangetosha kuyashika yote, yangekuwa maji ya nyumbani ya karibu miezi 6 kwa familia ya watu 6. Matenki hayatoshi bado. Lakini kila dumu linalotoka batini ni dumu lisilotoka kisimani.

Suala la mchanga liko kwenye mkutano wa kijiji. Pendekezo ni kwamba kipande cha korongo kilicho juu ya visima kisichotwe kabisa, na kipande cha chini kichotwe kwa zamu, kwa risiti ya kijiji, mchana. Vijana wa koleo walikuja wengi na walizungumza vizuri kuliko mimi. Mmoja aliuliza kama kikundi cha mboga kitawaajiri siku ambazo hakuna tipa. Mwenyekiti wa kikundi hakujibu palepale, akasema watakaa.

Kipimo cha tarehe 1 ya mwezi huu kilikuwa mita 11 na sentimita 40, na korongo halijatiririka tangu masika ile.